Kwa Nini Kukopi na Kupesti Kwenye Simu Kunatutoa Jasho

Kile kiujumbe kinachochungulia chini ya kioo kusema programu fulani imebandika kitu kutoka kwenye ubao wa kunakili kimezua maswali mengi kwenye magrupu. Mmoja anasema simu yake imedukuliwa, mwingine anamshauri atoe laini haraka, wa tatu anafuta programu ya benki. Pembeni ya hofu hiyo kuna malalamiko ya siku nyingi zaidi: namba inayokataa kuchagulika yote, tokeni ya umeme wa LUKU inayokuja nusu, meseji inayokimbilia juu badala ya kutulia ikopiwe. Wengi huishia kujilaumu kwamba vidole vyao ni vinene, au kwamba simu yao ni ya bei ya chini.

Vidole vyako havina kosa. Kukopi na kupesti ni kazi iliyobuniwa kwa ajili ya kifaa kingine kabisa, baadaye ikahamishiwa kwenye kioo, na wabunifu wanahangaika nayo mpaka leo. Ukishajua simu inabahatisha nini kila unapoigusa, mengi yatafunguka, na hilo la kiujumbe likiwemo.

Maneno yenyewe kwanza. Kuchagua ni kuionyesha simu maandishi unayoyataka, mpaka yapakwe rangi. Kunakili, au kukopi, ni kuchukua nakala ya hayo yaliyochaguliwa huku ya mwanzo yakibaki palepale. Kukopi meseji hakuifuti kwa aliyekutumia wala kwako. Kukata ni kuyaondoa yalipokuwa. Kubandika, yaani kupesti, ni kuyaweka pengine. Katikati ya kunakili na kubandika, maandishi hukaa kwenye ubao wa kunakili, sehemu ndogo ya kumbukumbu ya simu inayobeba kitu kimoja kwa wakati. Ukikopi kingine, cha kwanza kimeondoka. Hayakai kwenye laini, hayali bando, na kutoa laini hakubadilishi chochote.

Kipanya kilikuwa na bahati

Utaratibu huu tunaoujua ulizaliwa katikati ya miaka ya 1970. Larry Tesler na Tim Mott, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California, walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy. Wakati huo kuhamisha aya kwenye kompyuta kulidai amri nyingi za kukariri. Wao walitaka mtu asiye fundi aweze kuonyesha maandishi kwa kipanya, ayakate, aende anakotaka, ayabandike. Kompyuta za Apple, Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, zikaupeleka utaratibu huo kwa umma. Tesler alifariki Februari 2020, na kazi yake hiyo iko kwenye karibu kila kompyuta na simu duniani.

Gypsy ilikuwa na msaada ambao simu haina. Mshale wa kipanya una ncha ndogo kuliko herufi, na unauona ulipo kabla hujabonyeza. Ukitaka kushusha ukurasa unatumia kitu kingine. Kubofya na kuvuta kumebaki kwa ajili ya kuchagua tu. Kwenye simu, kidole kimoja ndicho kinachoshusha ukurasa, kinachofungua viungo, kinachovuta picha na kinachochagua maandishi. Tena kikishagusa, kinafunika kilekile unachotaka kukiona.

Google huwashauri watengeneza programu kwamba kitufe cha kuguswa kiwe na upana wa takriban milimita 9. Herufi ya kawaida kwenye meseji ina milimita mbili au pungufu, na herufi i haifiki hata hapo. Kwa hiyo ukiweka kidole katikati ya neno umegusa herufi kadhaa kwa mpigo, na pengine mstari wa juu na wa chini pia. Simu haioni kidole. Inaona doa pana la mguso na kulipunguza kuwa nukta moja. Christian Holz na Patrick Baudisch, watafiti waliolichunguza jambo hili kwa karibu, walionyesha kwamba mtu hulenga kwa kutazama sehemu ya juu ya kidole, kwa mfano ukucha, ilhali simu hupima ngozi ya chini iliyogusa kioo. Unalenga hapa, simu inasikia pale, na kosa la kila mguso linaelekea upande uleule. Anayeshika simu kwa mkono mmoja akiwa amesimama kwenye mwendokasi, kidole gumba kikiwa kimelala, analipata kosa hilo kubwa zaidi kuliko aliyekaa na kugusa kwa kidole cha shahada kilichosimama.

Suala la kidole kufunika lilifanyiwa kazi kabla simu za kugusa hazijafika mikononi mwetu. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, akiwemo Ben Shneiderman, walijaribu mbinu ambapo alama ya kulenga inatokea juu kidogo ya kidole na uamuzi unafanyika wakati wa kuinua kidole, si wakati wa kukishusha. Makosa yalipungua. Ndiyo maana leo, ukiburuta kile kimstari kinachopepesa kati ya herufi, mahali kinapobaki ni pale ulipoinulia kidole, na kabla hujainua una nafasi ya kusahihisha. Kile kioo cha kukuza kinachotokea juu ya kidole kinatoka kwenye ukoo huohuo wa mawazo. iPhone ilikuwa nacho tangu mwanzo, Apple wakakiondoa mwaka 2019, wakakirudisha 2021. Android ilikipata rasmi kwenye toleo la 9 la mwaka 2018.

Angalia na yale matone mawili yanayotokea mwanzo na mwisho wa maandishi uliyochagua. Kwenye Android yananing'inia chini ya mstari makusudi, ili ushike tone na si herufi, na kidole kibaki chini huku maandishi yakionekana juu yake. Eneo la kushikia ni kubwa kuliko tone linaloonekana, kwa hiyo usihangaike kuligonga katikati. Gusa kwa chini kidogo, uburute. Kwenye simu nyingi za Android, ukilivuta tone kwenda nje uchaguzi unaruka neno zima kwa neno zima, na ukilirudisha nyuma unapungua herufi moja moja. Watu wengi hudhani simu imeshikwa na wazimu pale inapochukua neno ambalo hawakulitaka. Vuta lipite kidogo, kisha rudi taratibu.

Kwa nini meseji inakimbia

Sasa tuje kwenye lile la meseji kukimbilia juu. Kwenye daladala, konda na dereva wamekubaliana: ngumi moja kwenye bodi, simama, mbili, ondoka. Dereva akisikia ya kwanza hawezi kujua hapohapo ni ipi, lazima asubiri kitambo kidogo kuona kama ya pili inakuja. Akisubiri mno, abiria wa Makumbusho anapitilizwa. Asiposubiri kabisa, kila "ondoka" itaanza na breki. Simu iko kwenye hali hiyohiyo kila unapoigusa. Mguso mfupi ni kufungua, miwili ya haraka ni kuchagua neno, kubonyeza na kushikilia ni kuchagua pia, na mguso unaosogea ni kushusha ukurasa. Yote manne huanza sawasawa, kidole kikishuka kwenye kioo.

Kwa hiyo simu inapima vitu viwili, muda na mwendo. Ukishikilia kwa karibu nusu sekunde bila kusogea, inaamua unataka kuchagua. Ukisogea zaidi ya kipimo kidogo sana kabla ya muda huo, inaamua unashusha ukurasa, na ikishaamua haibadili mawazo mpaka uinue kidole. "Nimeshikilia mwanangu, lakini inakwenda tu," mama anamwambia kijana wake kwa simu ya pili, na kweli ameshikilia, ila kidole kilitambaa milimita moja mbili kabla ya nusu sekunde kutimia. Jasho linaongeza tatizo, na Dar Desemba mpaka Machi tunalijua. Vioo vya simu zetu vina umeme mdogo na huhisi unavyobadilika kidole kikigusa, na unyevu hulitanua na kulihamisha doa la mguso hata kama kidole kimetulia. Futa kidole na kioo kwanza. Kwa wazazi na wote wenye mikono inayotetemeka, Android ina sehemu ndani ya Mipangilio, chini ya Ufikivu, ya kuchagua muda wa kugusa na kushikilia: mfupi, wa wastani au mrefu.

Ugumu huu wa kugawa miguso si wa kupuuzwa. iPhone ilipoingia sokoni Juni 2007 haikuwa na kukopi wala kupesti. Watumiaji walikaa miaka miwili, hadi toleo la 3.0 la mfumo wake lilipotoka tarehe 17 Juni 2009. Microsoft nayo ikatoa Windows Phone 7, mfumo wake wa simu, mwishoni mwa 2010 bila kazi hiyo, ikaiongeza Machi 2011. Kampuni hizo hazikukosa wahandisi wala fedha.

Simu inajuaje neno linaishia wapi?

Hapa ndipo palipo na kiini cha kero zetu za kila siku za pesa, na ndipo ningependa watengeneza programu wa hapa nyumbani wasome mara mbili.

Ukigusa neno mara mbili, simu inatafuta mipaka yake kushoto na kulia. Haijui Kiswahili. Inafuata kanuni za jumla: herufi zinazofuatana ni neno moja, nafasi ni mpaka, na alama nyingi za uandishi ni mpaka pia. Kwa Kiswahili kanuni hizo zinatusaidia, kwa sababu "nimekutumia" ni sentensi nzima iliyofungwa ndani ya neno moja na inachagulika kwa mpigo. Hata "ng'ombe" haikatiki, maana kanuni inaruhusu alama hiyo ikiwa imebanwa na herufi pande zote mbili.

Kwenye namba ndipo mambo yanapoharibika. Namba iliyoandikwa 0700000000 ni neno moja. Iliyoandikwa 0700 000 000, kwa kanuni hiyo, ni maneno matatu, na kugusa mara mbili kunaweza kukupa 0700 tu. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20, na mara nyingi inaandikwa kwa mafungu ya nne nne. Mafungu hayo yana sababu ya msingi: mita haina mahali pa kupesti. Lazima mtu aliyeko nyumbani Mbagala asome kwenye simu na kubonyeza kwenye mita tarakimu moja baada ya nyingine, na jicho linapotea haraka kwenye mstari wa tarakimu 20 zisizo na pumziko. Lakini aliyenunua yuko Kariakoo, tokeni imeingia kwenye simu yake, na anatakiwa kuikopi aitume WhatsApp. Mafungu yanayolisaidia jicho la Mbagala yanakitesa kidole cha Kariakoo. Mpaka leo anayeandika meseji hizo anamchagua mmoja wao.

Kuna namna ya kuwahudumia wote wawili. Ndani ya programu, namba inaweza kuchorwa ikiwa na mapengo ya kuonekana kwa jicho, ilhali ndani yake haina nafasi hata moja, na pembeni pakawepo kitufe cha Nakili kinachochukua tarakimu tupu. Hapo hakuna kushikilia, hakuna matone, hakuna kubahatisha. Vivyo hivyo kwa kontroo namba ya malipo ya serikali na kwa lipa namba ya duka. Kitufe kimoja kinaokoa watu wengi kuliko kipengele kipya chenye mbwembwe.

Upande wa pili, sehemu ya kujazia nao una lawama zake. Tuseme umekopi 0700 000 000 na kuipesti kwenye kisanduku kilichowekewa kikomo cha herufi 10. Nafasi mbili nazo zinahesabiwa. Kisanduku kinachukua 0700 000 0 na kuzitupa tarakimu mbili za mwisho kimyakimya, kisha kinakuambia namba si sahihi. Au umeitoa namba kwenye majina ya simu, ikaja ikianza na +255, kisanduku kikaikataa kwa sababu kinataka ianze na sifuri. Mtumiaji hajakosea popote. Programu ndiyo inayopaswa kuondoa nafasi na vistari yenyewe, ijue kwamba +255 na sifuri ya mwanzo ni namba ileile, na ndipo ihesabu. Ni mistari michache ya msimbo wa programu.

Google walijaribu kulitatua suala la mipaka kwa njia nyingine. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu hujaribu kutambua kwamba mafungu fulani ya tarakimu kwa pamoja ni namba ya simu, au kwamba maneno fulani ni anwani, na kuyachagua yote kwa mguso mmoja, kazi ikifanyika ndani ya simu yenyewe. Kwa namba za simu inasaidia mara nyingi. Kwa namba za kwetu zisizofanana na namba ya simu wala anwani, usiitegemee. Buruta matone na uhakikishe tarakimu ya kwanza na ya mwisho.

Kwenye programu za kuchati, WhatsApp ikiwemo, wengi wanakutana na ukuta mwingine: ukishikilia meseji, inachaguliwa nzima, kwa sababu mguso huo umeshapewa kazi ya kujibu, kufuta na kusambaza. Unataka namba tu, unapata na "shikamoo" na habari za msiba. Njia ya kupita ni kukopi meseji yote, kuipesti kwenye kisanduku cha kuandikia bila kutuma, kisha kuchagua namba humo na kuikopi upya. Ukimaliza, futa kisanduku.

Na kwa wanaotuma pesa kwa menyu za *150*00# na nyinginezo: kopi namba kabla hujapiga. Menyu hizo zina muda wake, na ukitoka kwenda kutafuta namba kwenye meseji, ukirudi mara nyingi utakuta kikao kimekatika. Ukishapesti, lisome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kupesti kunalinda tarakimu zisikosewe. Hakukuhakikishii kwamba namba uliyokopi ni ya mtu unayemdhania, na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaishi kwa hilo.

Kile kiujumbe sasa

Kwa miaka mingi programu yoyote iliweza kusoma ubao wa kunakili bila kukuambia. Mwaka 2020 watafiti Tommy Mysk na Talal Haj Bakry walionyesha jinsi programu nyingi maarufu za iPhone zilivyokuwa zikiusoma ubao kila zinapofunguliwa. Baadaye mwaka huohuo iOS 14, mfumo wa iPhone, ikaanza kuonyesha tangazo, yaani kile kiujumbe, kila programu inaposoma kitu kilichokopiwa kwenye programu nyingine, na tangu iOS 16 ya mwaka 2022 programu inapotaka kuusoma bila wewe kubonyeza Bandika lazima ikuombe ruhusa. Android 10 ya mwaka 2019 ilizizuia programu zilizo nyuma ya pazia zisiusome, Android 12 ikaleta tangazo, na Android 13 ikaufanya ubao ujifute wenyewe baada ya muda.

Kwa hiyo tangazo hilo ni taa ya ulinzi. Likitokea pale ulipopesti mwenyewe, au ulipofungua programu ya benki inayochukua yenyewe ile namba ya uthibitisho uliyoikopi, ni sawa. La kukushtua ni lile linalotokea ukiwa umefungua tochi, mchezo au programu ya kuhariri picha ambayo hukuiomba chochote. Hiyo ifute.

Hatari ya kweli ipo, ila iko pembeni kidogo ya pale wengi wanapoiangalia. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ESET iligundua ndani ya duka rasmi la Google programu bandia iliyokuwa ikivizia anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali kwenye ubao wa kunakili na kuibadilisha na ya mwizi. Mtu anakopi yake, anapesti ya mwingine. Kwa yeyote anayetuma pesa, kulinganisha herufi za mwanzo na za mwisho baada ya kupesti kunachukua sekunde mbili. Kumbuka pia kwamba kibodi inaweza kuwa na ghala lake la vitu ulivyokopi, tofauti na ubao wa simu. Gboard, kibodi ya Google, huvitunza kwa saa moja, na kitu ulichokibana kwa pini hukaa mpaka ukifute. Namba ya siri ya pesa isikopiwe kabisa, hata kwenda kwenye daftari la simu.

Limebaki jambo moja linaloniudhi: programu na tovuti zinazozuia kupesti kwa madai ya usalama. Unafika kwenye kisanduku cha nywila au cha kuthibitisha namba ya akaunti, unashikilia, neno Bandika halitokei. Mwaka 2017 Kituo cha Taifa cha Usalama wa Mtandao cha Uingereza kiliandika waziwazi kikitaka tovuti ziruhusu watu kupesti nywila, kwa sababu anayezuiwa huishia kuweka nywila fupi anayoweza kuichapa, au ileile kila mahali. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliyotoka mwaka huohuo, ikashauri vilevile. Kwa namba ya akaunti hoja ni rahisi zaidi. Anayeinakili kwa macho kutoka kwenye meseji kwenda kwenye kisanduku, huku akirukaruka kati ya programu mbili kwenye kioo cha inchi sita, atapishanisha tarakimu siku moja. Kinga inayofaa ni ile ambayo huduma zetu za pesa za simu zinaitumia tayari: mwache apesti, kisha mwonyeshe jina la mwenye akaunti na umuulize kama ndiye.